Kamba Ilipovutwa Mara Tatu

Adrisi wa Walukuba hakuwa mtu wa kuongozwa. Babu yake mwanajeshi, baba yake mwanajeshi. Huenda alizikinai amri tangu tumboni. Miaka ishirini alipiga mbizi Jinja, akikagua nguzo na kuzibua mabomba chini ya maji. Basi alipofika kwenye kambi ya wazamiaji kando ya ziwa, mzee wa miaka sitini na miwili mwenye hamu ya kushuka tena, akaambiwa angoje kundi na kiongozi, alikunja uso.

“Mimi nafuata mtoto kwa maji?”

Brendah, mwenye daftari la kambi, hakutishika. “Mzee, bila kiongozi watu naingia wawili. Peke yako, hapana. Leta mwenzako.”

Mwenzake alikuwa mmoja tu duniani, na Adrisi ndiye aliyemfukuza.

Huyo ni Norman, polisi, mtu wa Mbale. Maji ya Jinja yana tope, hata mkono wako huuoni, kwa hiyo wao wawili walifungana kamba kiunoni. Ikivutwa mara moja, u mzima? Mara tatu, tupande. Miaka tisa walishuka hivyo bila kiongozi wala kundi. Mpaka siku ile Adrisi alipong’ang’ania chini akitafuta nanga iliyopotea. Norman, aliyekuwa na saa, akavuta mara tatu. Adrisi akapuuza. Akavuta tena, kisha akamkokota mpaka juu, haraka kuliko inavyofaa.

Ufukweni, mbele ya wachuuzi wa samaki, Adrisi alisema, “Afande huyu naogopa maji kama kuku.”

Norman alifungua kamba kwa mkono mmoja. Alikuwa ameshika sikio. Mwezi haukuisha akarudi kwao Mbale. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na huyu bwana alijua amejikwaa, maana jioni ile ile, akisafisha vifaa, aliona mshale wa mtungi wake wa hewa umelala kwenye sifuri. Hakumwambia mtu, hata mkewe Fatumah. Aliona aibu, na aibu hiyo aliilea miaka kumi na mmoja.

Sasa alipanda gari mpaka Mbale, akachukua boda hadi mtaa wa Nkoma. Alimkuta Norman barazani, mkewe Lillian akichambua maharage pamoja na majirani wawili.

“Afande,” Adrisi alisema kwa sauti ya chini, “nilikosa.”

Norman aligeuza kichwa. “Hii sikio ilikufa siku ile. Sema huku, na sema kwa nguvu.”

Lillian aliacha maharage. Majirani waligeuka. Adrisi alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alisema, kwa nguvu, “Mtungi yangu ilikuwa tupu. Wewe uliniokoa, mimi nikakutukana.”

“Nilijua,” Norman alisema. “Nilikuwa nangoja wewe useme. Nilingoja sana, bwana.” Akamsogezea kiti. “Lakini maji, daktari alikataza. Mimi sishuki tena.”

Walikunywa chai. Hawakuwa na mengi ya kusema, na hilo lilimuuma Adrisi kuliko tusi.

Wiki iliyofuata alirudi kambini. “Niandike kwa kundi,” alimwambia Brendah.

Kiongozi alikuwa Nasiba, msichana wa rika la mjukuu wake. Alimfunga kamba kiunoni, akakaza fundo.

“Mzee, nikivuta mara tatu, tunapanda. Umesikia?”

“Nimesikia, mwanangu,” Adrisi alisema. “Vuta tu. Nitapanda mara ya kwanza.”