Maji Yaliyomtisha Babu

Nilipokuwa mtoto kule Matogoro, babu yangu aliogopa maji ya ubatizo kuliko nyoka. Na siyo yeye peke yake. Wazee walikuwa wameshaona: mgonjwa hajabatizwa, anaitwa katekista, anamwagiwa maji kitandani, kesho yake watu wanakula ugali wa msiba. Wakakata shauri kwamba maji yale ndiyo yanayoua. Msicheke. Mimi niliacha shule darasa la sita na bado nawazidi akili nyie wenye vyeti, lakini hata mimi niliamini.

Babu alipobanwa na kifua mpaka akashindwa kuinuka, bibi alimwita katekista. Ilikuwa mchana, kuku wanaingia na kutoka.

"Baba Kosmasi, kubali basi," bibi alimbembeleza babu. "Nikifika mbinguni nikukose, nitakaa na nani?"

"Kaa na katekista wako. Si anaupenda sana ugali wako?"

Katekista mwenyewe alicheka. Kisha akasema taratibu, "Mzee, Mungu hamburuti mtu. Usipotaka, sikumwagii."

Bibi akaanza kulia, kilio kisicho na sauti, mabega tu. Babu akamtazama weee.

"Haya, mwaga," akasema. "Ila jina nachagua mimi. Niite Yohane."

Jua lilipozama, babu alikuwa ameshafariki.

Majirani walimwambia bibi waziwazi kwamba amemuua mumewe. Hilo alilimeza. Linalomtafuna mpaka leo ni jingine: kama babu alikubali kwa kuyahurumia machozi yake tu, je, Mungu alimpokea? Juzi nikimpeleka kanisani kwa pikipiki yangu, ambayo kwa taarifa yenu mtaa mzima wa Majengo haina mfano, akaniuliza tena.

"Acha hizo, bibi. Aliyelazimishwa hachagui jina. Babu alitaka mwenyewe."

"Na huko kutaka alikutoa wapi, mjukuu wangu? Kwangu, au kwa Mungu?"

Kijiweni hakuna anayeniweza kwa maneno. Pale nilikaza macho barabarani tu. Labda kwa mzee mbishi vile, Mungu hakuwa na mlango mwingine wa kuingilia ila machozi ya mkewe. Labda. Sikuthubutu kumwambia.

Bibi alishuka, akaingia ndani, akaketi kwenye benchi la nyuma. Akajisogeza ukutani, akaacha nafasi ya mtu mmoja.