Kimya cha Mbwa Wetu

Mbwa wetu pale Kaloleni hakuwa na adabu. Zamu ya maombi ya Jumatano ikifika nyumbani kwangu, aliwabwekea akina mama tangu mlangoni hadi amina ya mwisho. Aliyemchukia zaidi ni mama mmoja aliyetuuzia omena, wale dagaa wa ziwani, beseni kichwani. Mwaka uliotangulia alikuwa amemrarulia leso, nami badala ya kumwomba radhi nilimwambia ajifunze kupiga hodi. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo, mdomo mbele.

Jumatano moja mbwa alilala kando ya bomba la maji, kimya. Akina mama wakampita karibu kabisa. Sikushtuka, nilifurahi. Wakati wa shukrani nilisimama nikamshukuru Mungu kwa kumfunza mbwa wetu heshima, wote wakaitikia amina. Jioni alipokataa ugali wenye mchuzi wa nyama, nilisema ameshibia kwa majirani.

Ijumaa mama wa omena akaja na fimbo yake ya kujihami. Mbwa alimtazama, kisha akafumba macho. Mama yule akatua beseni, akainama karibu naye, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu.

"Mama, hii mbwa iko mgonjwa," akaniambia. "Sijawahi kupita hapa bila kutukanwa."

Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kufurahia kimya kile ndiye aliyekielewa.

Mume wangu alisema daktari wa mifugo ni wa ng'ombe. Kwao Ukambani mbwa akiugua hupewa maziwa akaachwa. Nikamwambia maziwa yako kwenye bakuli tangu asubuhi na wanaoyanywa ni nzi. Akaenda kuazima wilbaro. Tulimsukuma mbwa humo hadi kwa daktari, watu wakitucheka njia nzima.

Daktari alimwinua mdomo, akatuonyesha ufizi uliokuwa mweupe kama ugali. Alisema ni homa ya kupe, na damu imepungua sana. Akauliza ameacha kula tangu lini. Nilimwambia ukweli: siku tatu, na ile ya kwanza nimeitolea shukrani mbele ya watu. Hakucheka. Alimdunga sindano, akasema tungoje, hawezi kuahidi kitu. Nilirudi nyumbani nikilia.

Niliacha kupika mapema wiki ile, nikawa nakaa mlangoni nikimtazama anavyopumua. Siku ya nne alilamba maziwa kidogo. Ijumaa iliyofuata mama wa omena alipokata kona, mbwa aliinuka kwa miguu inayotetemeka, akambwekea kwa sauti iliyokwaruza.

Mama yule alisimama akicheka. Nilimfunga mbwa kamba, kisha nikamwomba mgeni wangu msamaha kwa ile leso, mwaka mzima baadaye. Alinipimia omena yangu, akaongeza konzi moja kwenye karatasi ya pembeni.

"Hii si yako," akasema. "Ni ya huyo."