Suruali ya Gavana

Dobi wa mtaa wetu hufumba macho anapopiga pasi, kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Hujaza maji mdomoni, akayapuliza yakawa ukungu juu ya nguo, kisha pasi ya mkaa hupita taratibu na mstari wa suruali ukanyooka kama uzi. Sijapata kumwona akikosea. Ndiyo maana watu waliopanda huku kwetu milimani Amani kurekodi tamthilia ya siku za mwisho za Waingereza walimletea yeye sare nyeupe ya gavana. Jana tuliitazama sebuleni kwa jirani yetu Bi Azza. Bendera ya Malkia ilikuwa ikishuka polepole, gavana kapiga saluti, Bi Azza anafuta machozi. Dobi akasogea, akagusa kioo cha televisheni penye goti la gavana. Mguu wa kushoto wa suruali ulikuwa na mistari miwili ya pasi.

“Babu, hapo si ulikosea?” nikamuuliza.

“Sikukosea, mwanangu. Kwa mistari miwili kama hiyo, baba yangu, naye dobi, alizabwa kofi na Bwana DC wa Kizungu, mbele yangu.” Akarudi kuketi, akafumba macho. “Mwache ashushe bendera yake hivyo hivyo.”