Mtoto wa Jiwe Aliyeshuka Mgongoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Stoo alinikabidhi glavu na aproni, akanitazama juu hadi chini. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake kilinisahaulisha kwamba niko London.

"Mama Moraa, si wewe ni wa Tabaka, Kisii? Basi jiwe si geni kwako. Ila hapa hatuchongi. Hapa tunafungua, tunapangusa, tunafunga. Na kitu kikivunjika ukiwa kwenye majaribio, hata mimi sitaweza kukutetea."

Nikasema sawa, mzee. Ningesemaje? Nyumba ya Thamesmead ilitaka kodi, binti yangu Moraa alikuwa bado shule, na nilikuwa nimechoka kutafuta kazi.

Jumba letu la sanaa lilionyesha vinyago vya Wainuiti, watu wa nchi ya barafu kule kaskazini mwa Kanada. Ninyi vijana mtashangaa: wao nao huchonga jiwe la sabuni, kama sisi. Lakini letu ni laini, jeupe au la waridi. Wanaume hulichonga lingali na unyevu, sisi wanawake tunalisugua kwa msasa na maji mpaka liteleze. Lao ni gumu, la kijani kilichokaribia weusi, na hulifuata mbali kwa boti au kwa sleji ya kuburutwa juu ya barafu. Tupa inayolilainisha huisha meno upesi. Nilipolishika mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana lilikuwa na ubaridi uleule wa jiwe la nyumbani.

Majaribio hayajaisha, likaja kreti lenye kinyago cha mama aliyebeba mtoto. Kwao mama hafungi mtoto kwa leso. Huvaa koti lenye kofia kubwa, mtoto akakaa humo mgongoni. Hicho ndicho kilikuwa kinyago kikuu cha maonyesho, na mchongaji mwenyewe, bibi mtu mzima, alikuwa njiani kuja kwenye ufunguzi. Nilikinyanyua kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikakiinamisha kidogo nitoe sponji. Tu! Mtoto akadondoka juu ya blanketi.

Wuui! Tabaka, mama na mtoto hutoka katika jiwe moja, na hiyo ndiyo sifa ya fundi. Wakiachana, kinyago kimevunjika, hakuna habari nyingine. Nikamgeuza mtoto: chini laini kabisa, hata ufa hana. Nikajisemea, kumbe kilivunjika zamani, mtu akalainisha palipokatika, akakiunga kwa gundi na unga wa jiwe, sasa gundi imeachia mikononi mwangu. Ujanja huo naujua sana, kwetu umeuza vinyago vingi.

Nilimwita Meneja hapo hapo. Akavua miwani, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkuu wa Maonyesho, mama mrefu asiyepandisha sauti, alikuja na picha, na kwenye picha mtoto alikuwa mgongoni ametulia.

"Mtu asiguse gundi," alisema. "Msanii akifika atatuambia. Nawe, tutazungumza baadaye."

Hiyo "baadaye" ilinikata hamu ya chakula. Kanisani Lewisham niliomba mpaka mchungaji akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikamwambia ninaye, tena ni wa jiwe.

Bibi akaja: mfupi, buti kubwa, mashavu ya kucheka. Tukamwonyesha mama huku, mtoto kule kwenye trei. Mimi nilijificha nyuma ya Meneja. Bibi akatazama trei, akatutazama nyuso zetu, akaangua kicheko. Akamtia mtoto ndani ya kofia, akamtoa, akamtia tena.

"Anatoka," alisema kwa Kiingereza cha polepole. "Nilimchonga peke yake. Mtoto wa kukaa mgongoni siku zote ni mtoto gani? Hushuka, akacheza. Akisikia baridi, hurudi mwenyewe."

Kisha akanifuata nyuma ya Meneja, akanivua glavu, akamweka yule mtoto kiganjani mwangu. Jamani, nililia mbele za watu bila haya. Meneja akapiga makofi: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mkuu wa Maonyesho akasema mazungumzo yetu hayahitajiki tena, na mimi nikabaki pale mpaka nilipostaafu.

Sasa nakaa nyumbani na mgongo unaouma. Juzijuzi Moraa aliniambia amepata chumba Stratford, anahama. Nikamfungia vikombe vyake kwa sponji, kila kimoja peke yake, kama vinyago. Alipoondoka niliumia, nisiwadanganye.

Jumapili kengele ya mlango ikalia. Alikuwa yeye, mikono mifukoni, akilalamika kwa Kiingereza chake kwamba chumba kile kina baridi.

"Ingia," nikamwambia, "ugali uko mezani."