Kizibao cha Kuhesabia Pikipiki

Mimi si mtu wa kukaa kimya, na kazi ile ilitaka mtu wa kukaa kimya. Mwekezaji mmoja alitaka kujenga soko la mazao kando ya barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, na kabla hajapewa kibali ilibidi ijulikane kama barabara itahimili magari ya soko. Injinia kijana kutoka Morogoro akanipa kiti, karatasi na kizibao cha njano chenye mikanda inayong'aa. Kila chombo cha moto kikipita, nipige kijiti kimoja kwenye karatasi.

Nilikuwa na langu moyoni. Geti la soko lilichorwa likitazamana na shule ya msingi, na binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza pale. Injinia alinieleza wazi: barabara ikionekana tupu, geti linabaki, ikionekana ina shughuli nyingi, linahamia upande wa nyuma. Niliwaza mafuso yakikata kona pale watoto wanapovukia.

Asubuhi nzima sikupata bodaboda wa kujaza hata mstari mmoja. Barabara ninayoijua mimi, ambayo saa moja asubuhi hata kuku anafikiria mara mbili kuivuka! Nilitamani kulia kwa hasira.

Mchana akaja jirani yangu, muuza maandazi, amejishika mbavu kwa kicheko.

"Shoga, vua hilo lizibao! Vijana wote wanapita kule kwenye mihogo. Wanasema trafiki wameweka mwanamke mkali hapa kona, anaandika wasio na leseni."

Nilicheka mpaka kalamu ikaanguka. Leseni wengi wao hawana, na kofia ngumu wanaipachika kwenye tanki la mafuta. Nikampigia injinia simu, akakubali ile siku tuitupe.

Kesho yake nikaenda na khanga zangu. Wakarudi wote, na kila mmoja akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Twende? Nakupeleka wapi?"

Na shikamoo huku kwetu haijibiwi kwa kutikisa kichwa. Nikimwitikia mmoja, wawili wananipita. Wengine walisikia kuna abiria amekaa kona, wakageuza kuja kumgombania, nikawapigia vijiti wakija na wakirudi. Yaani foleni nilikuwa naitengeneza mimi mwenyewe!

Kesho yake nikaanza karatasi mpya, na jirani akaniketisha nyuma ya beseni lake la maandazi. Muuza maandazi hana safari wala hakamati mtu. Wenye njaa wakanunua, wenye haraka wakapita, nami nikapiga vijiti vya haki mpaka vidole vikauma. Jioni injinia alitazama karatasi huku anatafuna andazi.

"Mama, hapa geti haliwezi kukaa."

Nilimkumbatia, maskini kijana wa watu, hadharani.

Geti likaenda nyuma, na nyuma ndiko tunakoishi. Siku hizi malori ya mahindi yanapanga foleni mbele ya dirisha langu tangu alfajiri, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria ya uji, na mume wangu hachoki kuuliza ni nani aliyehesabu. Namjibu ni mimi. Kisha natoka barazani kumtazama binti yetu akienda shule peke yake, begi mgongoni, hata hageuki kuniaga.