Kuzifufua Kompyuta Kuukuu

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha ualimu Kasulu, na mkuu wa chuo alikuwa amekikodolea macho chumba changu cha kompyuta.

"Madam, zile kompyuta ni vyuma chakavu," aliniambia. "Zisipofanya kazi mpaka Ijumaa, chumba kinakuwa stoo ya maharage."

Nilikasirika. Wanachuo wangu wa hisabati, wengine kutoka vijiji vya Titye na Kitanga, hawakuwa na kompyuta nyingine ya kujifunzia. Zilikuwa mashine za msaada, kila moja na umri wake, na zote ziliwaka vizuri. Kilichotuangusha ni programu ya kuchorea maumbo tuliyoletewa kutoka Dar: ukiifungua tu, inajifunga.

Nilichimba mpaka nikaelewa. Aliyeiandaa aliiagiza kompaila, ile inayogeuza maandishi ya programu kuwa amri za mashine, itumie kila mbinu ya prosesa mpya, yaani ubongo wa kompyuta, ili programu iende mbio. Prosesa zetu za zamani hazikuzijua mbinu hizo, na kila zilipokutana na amri ngeni, programu ilikata roho. Ni kama kumsemesha bibi kwa misimu ya vijana wa Dar, halafu ukasema bibi ni kiziwi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilifungua maandishi ya programu, yaliyokuja pamoja nayo, nikafuta maelekezo yale ya mbio, nikaiagiza kompaila itoe amri ambazo hata mashine kongwe kuliko zote ingezielewa. Laptop yangu ilichemka mchana kutwa ikiitengeneza upya programu. Betri yake ilikuwa imekufa, hivyo umeme ulipokatika nilianza upya, huku nikisonya. Kisha nikaandaa toleo la pili la programu, lenye mbinu chache zaidi, kwa zile mashine ambazo hazikuwa kongwe sana, maana nazo zilistahili kukimbia.

Ijumaa mkuu alikuja na mtunza stoo. Wakakuta pembetatu kwenye kila kioo. Ile mashine kongwe ilikuwa ikichora polepole, lakini ilichora. Mkuu, ambaye zamani alifundisha hisabati, alimwomba mwanachuo mmoja ampishe. Akakaa, akachora duara, akalikata katikati, akachora jingine.

Mtunza stoo alikohoa. "Mkuu, magunia tuyaweke wapi?"

"Tafuta kwingine, bwana," alisema bila kuinua macho. "Madam, rangi inabadilishwaje hapa?"

Nilijaa furaha. Nilikuwa nimeshinda, kwa hiyo nikamwacha ahangaike kidogo kabla ya kumwonyesha.