Hodi Tatu za Mwalimu

Kuna neno moja siku hizi silitaki masikioni mwangu, nalo ni kusafisha. Mtu akiniambia kwamba amenisafishia faili, namuuliza kwanza ametupa nini.

Siku za kazi mimi ni karani. Jumamosi napiga ngoma katika bendi ya kanisa letu hapa Kayole, bendi ya zumari za mfuko, zile ambazo mtaani kila mtu huziita bagipaipu. Sketi zetu za mikunjo tulizichagua moja moja sokoni Gikomba, kutoka kwenye mabelo ya mitumba, sare za shule za watu wasiotujua, ndiyo maana hakuna mbili zinazofanana rangi. Watu wakituona hutucheka, na wakifiwa hutuita. Mimi pia ndiye mtunza karatasi za muziki, kwa sababu nina mwandiko mzuri na mdomo mkali.

Aliyetufundisha sote alikuwa mzee wa Komarock, mtaa jirani, aliyestaafu kutoka bendi ya serikali. Tulimwita Mwalimu. Somo lake la kwanza lilikuwa kwamba chombo hiki hakijui kunyamaza. Ukishaujaza mfuko upepo, sauti hutoka mfululizo mpaka uuachilie. Kwa hiyo ukitaka kupiga noti ileile mara tatu, huna budi kuinua kidole katikati, upesi kama mtu aliyeguswa na chai ya moto, ili itoke noti ndogo ya kuzitenganisha. Hizo aliziita vinoti. "Bila kinoti," alikuwa akisema, "hupigi muziki, unapiga honi."

Alitunga wimbo mmoja wa kuingia nyumbani kwa wafiwa, akauita Hodi. Unaanza na noti tatu zilizo sawa. Ya kwanza ina kinoti kimoja, taratibu, maana hujui kama wenyewe wamelala. Ya pili ina viwili. Ya tatu ina vinoti vingi vya haraka, mlango unagongwa sasa. Kisha inakuja noti moja ndefu ya chini, ya kungoja kuitikiwa, na hapo ndipo wimbo wenyewe huingia ndani. Aliuchapa wote kwa vidole viwili kwenye kompyuta yake kuukuu, kwa programu ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya zumari hizi tu.

Miaka miwili iliyopita Mwalimu alipata kiharusi, mikono ikamkatalia. Wapigaji aliowafundisha Hodi walikuwa wameshatawanyika, wengine wako Uarabuni wanatafuta riziki. Wimbo ukalala. Wakati huohuo kamati ya muziki ikaamua kwamba muziki wote wa kanisa lazima uwe kwenye programu moja, ile ya kwaya, ili mpiga kinanda na skrini kubwa wafuatane. Katibu wa kamati alisimama akatangaza, "Tusafishe mafaili yote." Tukayahamisha ofisini mwa kanisa mchana mmoja, tukamaliza, tukaenda zetu.

Mwezi jana Mwalimu akafariki. Nilipokwenda kumpa pole mkewe, aliniomba jambo moja tu. Mwili ungeletwa nyumbani asubuhi ya Ijumaa, kabla ya safari ya kwenda kumzika kwao Ukambani.

"Mnipigie ile Hodi mlangoni," alisema. "Amewapigia hodi watu wote wa mtaa huu. Asiingie kwake kimya."

Nikamwambia, "Mama, hilo usiwe na wasiwasi nalo."

Jumanne nikachapisha wimbo kutoka programu mpya, nikawapa wapigaji wetu watatu wa sasa, ambao hawakuwahi kuusikia. Wakapiga kama ulivyoandikwa. Ukumbi ukajaa sauti moja ndefu isiyo na mwanzo wala maana.

"Hii ni song ama ni lori ya mchanga inaomba njia Spine Road?" mmoja wao akauliza.

Nikamnyang'anya karatasi. Noti tatu zilikuwepo, zimekaa uchi. Hapakuwa na kinoti hata kimoja, wala pale mwanzo wala ukurasa mzima. Na juu, mahali pa jina la mtunzi, paliandikwa: Hajulikani.

"Tunaeza weka vinoti zetu," akasema mwingine kwa upole. Najua wangeweza. Lakini hodi ya kubahatisha ni hodi ya nani? Na mimi mpiga ngoma, ambaye nilikuwa naisikia tu, ningewaonyesha kwa vidole gani?

Nilimwendea katibu nikiwa nimefura. Sikumsalimia.

"Vinoti vya Mwalimu viko wapi?"

"Madam, tulia. Noti hizo hazina muda wake, hazihesabiwi kwenye mapigo. Programu iliuliza kama noti zisizo na muda ziondolewe, ikajibiwa ndiyo."

"Nani huyo aliyejibu ndiyo?"

Akaniangalia. "Wewe ndiye ulikuwa umekaa kwenye kiti. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na kikombe cha chai."

Nikakumbuka. Swali baada ya swali lilikuwa likijitokeza kwenye skrini, na mimi nikibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, bila kusoma, kwa sababu wingu lilikuwa limetanda na nilikuwa nimeanika nguo. Nilijichukia pale pale. Lakini hasira yangu haikuisha, ilipata tu mtu wa pili wa kugawiwa. Noti isiyo na muda! Mtu ameishi miaka yote hiyo akikata sauti kwa kidole, halafu mashine iliyotengenezewa kwaya inauliza kama kazi yake ni takataka, nami naitikia.

"Na hii Hajulikani?" nikamuuliza. "Hiyo pia ni mimi?"

"Hapo niliandika mimi. Nafasi ya mtunzi lazima ijazwe, na yeye hakuwa kwenye kitabu cha nyimbo."

"Alikuwa kwenye benchi la tatu! Kila Jumapili! Umekula harusi ya binti yake!"

Alisema angerekebisha. Vijitabu vya ibada, hata hivyo, vilikuwa vimeshapelekwa kuchapishwa.

Jumatano mama, mjane wa Mwalimu, aliniletea mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na matete ya zumari, uzi uliopakwa nta, na flashi ambayo Mwalimu alihifadhia mafaili yake. Nikaikimbiza saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Binti anayehudumu pale akabonyeza mara tatu, akatikisa kichwa.

"Auntie, hii faili imekufa. Haifunguki."

"Aliyekufa ni mwenyewe," nikamwambia. "Faili haijafa. Ifungue kwa chochote."

Akaifungua kwa ile programu ndogo ya kuandikia maneno matupu. Zikamwagika herufi na mistari, vurugu tupu, nami karibu nikate tamaa. Halafu kwenye mstari wa juu nikaliona neno Hodi, na kando yake jina la Mwalimu lote, majina matatu, kwa herufi kubwa. Nikaanza kusoma pole pole. Kila noti ilikuwa na herufi yake, na mbele ya kila noti vifupisho vidogo ambavyo nilivijua kutoka ubaoni mwake. Vinoti vyote vilikuwepo. Nililia saiba, mbele ya watu waliokuja kujaza fomu zao.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikarudi saiba, binti akanipakulia ile programu ya kwaya. Niliviingiza kimoja kimoja kwenye programu mpya kwa mkono, asubuhi mpaka alasiri. Kila nilipohifadhi, iliniuliza tena kama noti zisizo na muda ziondolewe. "Hapana," nilijibu kwa sauti kila mara, na yule binti akicheka. Jioni wapigaji walifanya mazoezi mpaka midomo ikafa ganzi.

Ijumaa gari la mochari likasimama nje ya lango Komarock. Jeneza likashushwa, wapigaji wakatangulia mpaka mlangoni. Hodi. Hodi. Hodi. Kila moja ilisikika peke yake. Kisha ile noti ndefu ikaanza kungoja. Mama alikuwa amesimama kizingitini akiliangalia jeneza. Wapigaji hawakuwa na ruhusa ya kuacha, mashavu yamewavimba, macho yamewatoka. Noti ikangoja.

"Karibu," hatimaye akasema. "Karibu kwako."

Wimbo ukaingia ndani naye Mwalimu akaufuata.

Tulipokwisha kukaa sebuleni, katibu akagawa vijitabu vya ibada. Mama alivaa miwani yake, akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akaweka kidole mahali.

"Bwana katibu," akasema. "Wewe umekula katika nyumba hii. Huyu Hajulikani ni nani?"

Nikafungua mkoba wangu nikampa katibu kalamu. Aliinama mezani kando ya jeneza, akaanza kukata neno lile na kuandika jina, kijitabu kimoja baada ya kingine, majina yote matatu. Aliponyoosha vidole kupumzika, nilimsogezea fungu lingine.